Betri ya Kilo 17 na Jalada Lililonirudishia Hela

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa ndugu mmoja wa Manyoni. Kanunua inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani) imeandikwa wati 2,000, kachomeka pasi, inveta ikalia pii mara tatu ikazima. Akairudisha dukani, akaambiwa tatizo ni pasi yake. Akarudi nyumbani na hasira, akachukua bisibisi akaifungua aone ndani kuna nini. Sili ikachanika. Sasa muuzaji hataki hata kumsikia. Anamalizia: "Kaka, nilisikia ulivyorudishiwa hela ya ile betri. Naomba mbinu."

Nimecheka, halafu nikanuna. Nimecheka kwa ajili ya bisibisi, maana ule ugonjwa ninao. Sisi tunaopenda kuchokonoa vitu hatuwezi kukiona kitu kimefungwa skrubu nne tukakiacha kilale salama. Nimenuna kwa sababu umenikumbusha betri, na mwenzenu nilikuwa nimeanza kuisahau.

Wengi mmesikia mwisho tu, kwamba jamaa karudishiwa hela. Haikuwa rahisi hivyo, na sehemu nyingine inaniaibisha. Naisema yote leo ili nisiulizwe tena.

Mimi si injinia. Mchana ni mtu wa masijala, Mtumba, kwenye mji wa Serikali hapa Dodoma. Kazi yangu ni majalada: barua ikiingia inapigwa muhuri, inapewa namba ya folio (namba ya karatasi ndani ya jalada), inaingia kwenye jalada lake, na ikihitajika miaka mitatu baadaye naitoa ndani ya dakika tano. Watu huidharau hii kazi. Usiku, watoto wakishalala, meza ya kulia chakula inageuka karakana. Nilihamia Dodoma mwaka 2017 pamoja na wizara, na sanduku moja la nguo na jingine la nyaya. La nyaya ndilo lililokuwa zito. Nikaoa huku huku, na baba mkwe ana kishamba cha zabibu Hombolo. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Anayeijua Dodoma anajua kwamba mvua yetu ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na nayo ina maringo. Baada ya hapo ni jua na upepo. Mzee alikuwa anamwagilia robo eka kwa ndoo, na mimi mkwe mpya nikaona nafasi ya kung'ara. Nikabuni mtambo wa umwagiliaji wa matone unaojiendesha: paneli ya sola, pampu ndogo ya volti 12, sensa za unyevu ardhini, na ESP32, kikompyuta kidogo cha kuamua lini pampu iwake. Nilitaka maji yatoke usiku, jua lisiyanywe. Usiku hakuna jua, kwa hiyo betri. Mantiki yangu iliishia hapo.

Siku ya kwanza nilipopeleka vifaa, nikamwamkia mzee "mbukwenyi" kwa Kigogo changu cha kubahatisha. Akaangalia michoro yangu kwa muda mrefu, akauliza jambo moja tu: "Kwani lile tenki la maji haliwezi kupanda juu?" Nikamwambia kwa upole, baba, hii ni teknolojia nyingine. Kumbukeni hilo swali, tutalirudia.

Habari za kuunganisha nyaya nitaziruka. Ila kwa wenzangu wa ESP32 nisemee moja: lile kundi la pini linaloitwa ADC2 halisomi sensa wakati Wi-Fi imewashwa. Nilipoteza usiku tatu nikiamini sensa ni feki, kumbe nimechomeka kwenye pini isiyofaa. Na zile sensa za meno mawili za bei chee msinunue. Umeme ukipita kwenye udongo wenye maji, meno yanalika kwa kutu ndani ya wiki chache. Chukueni zile bapa zisizo na chuma kinachogusa udongo.

Betri niliinunua Juni, duka moja hapa mjini ambalo sitalitaja. Ya jeli, volti 12, Ah 100 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachotunza), shilingi 430,000. Kabla sijaenda nilichati na muuzaji kwenye WhatsApp. Akanitumia picha ya lebo, akaandika kwa mkono wake: "Gel 100Ah original kabisa bosi, waranti mwaka." Dukani akaniuliza kama nataka bei ya na risiti au bei ya bila risiti. Nikasema na risiti. Miaka ya nyuma nilishaliwa simu kwa kutaka kuokoa elfu ishirini ya risiti, nikajiapiza. Akatoa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, nikaikunja nikaitia mfukoni bila kuisoma. Kosa la kwanza.

Mwezi wa kwanza mtambo ulifanya kazi kama ndoto. Nilileta wageni kuuangalia, na mke wangu ana picha nimesimama mbele ya mizabibu mikono kiunoni kama waziri anayezindua mradi. Mwezi wa pili pampu ikaanza kukata saa sita usiku. Kufikia mwisho wa Agosti ilikuwa inazunguka kwa muda wa saa mbili tu, halafu kimya. Majani ya mzabibu yakaanza kujikunja, na mzee akarudia ndoo zake bila kusema neno. Angenisema ningepata nafuu.

Nikaibeba betri mpaka dukani. Ilikuwa Jumamosi, duka limejaa. Nikaeleza. Jamaa akaniomba risiti, nikamkabidhi kwa kujiamini. Akaisoma kwa sauti, kila mtu asikie: "Vifaa vya umeme, kimoja." Akaniangalia. "Bosi, hapa imeandikwa betri? Imeandikwa Ah mia?" Nikaishika ile karatasi nikaisoma mwenyewe, na kweli, ndivyo ilivyoandikwa. Akanionyesha kibao ukutani: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Nikajaribu kueleza habari za volti na chaji kontrola, naye akawageukia wateja: "Hawa ndio mafundi wa YouTube. Wanaunga nyaya vyumbani huko, vikiungua wanatuletea sisi."

Watu wakacheka. Kuna mama mmoja alikuwa ananunua balbu mbili, alicheka mpaka akashika kaunta. Sijui kwa nini yeye ndiye ninayemkumbuka zaidi.

Nilipayuka. Sitaandika niliyoyasema. Nilitoka na betri yangu begani, shati limeingia vumbi, na bodaboda akanitoza elfu moja zaidi kwa sababu ya mzigo.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa masijala. Siku hiyo niliingia kwenye vita bila jalada. Kazini mtu akija anapiga kelele, tunamuuliza kwa adabu: barua yako iko wapi? Ana kelele, hana folio, anaondoka. Mimi nilikuwa yule mtu.

Jumapili nikanunua faili la kijani la shilingi mia tano, nikaandika juu yake BETRI. Folio namba 1, risiti, na kasoro zake. Namba 2, yale mazungumzo ya WhatsApp, nimeyachapa pamoja na tarehe na namba ya simu inayoonekana juu. Wengi hufuta chati kupunguza ujazo wa simu, au huamini maneno ya simuni si kitu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi. Yule jamaa aliandika "Gel 100Ah original" mwenyewe, na risiti ya "vifaa vya umeme" haiwezi kuyafuta hayo maneno.

Halafu nikaanza kufikiri kama mtu anayetengeneza vitu. Muuzaji atasema nimeitumia vibaya. Kipo kitu gani kwenye betri ambacho matumizi mabaya hayawezi kukibadilisha?

Uzito. Betri ya aina hii ni madini ya risasi, na risasi ndiyo inayobeba umeme. Kwa kawaida kilo moja ya betri ya risasi inahifadhi kama saa-wati 30 hadi 40. Volti 12 mara Ah 100 ni saa-wati 1,200. Piga hesabu mwenyewe: inatakiwa iwe kilo 30 hivi, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Ukiiunga vibaya itakufa, lakini haiwezi kukonda.

Nikaipeleka soko la Majengo kwa mzee mmoja anayeuza mahindi, mwenye mizani ya kupimia magunia. Akafuta pumba kwa kiganja, nikaiweka betri. Sindano ikatikisika, ikatulia pungufu kidogo ya kilo 17. Mzee akainama akaisoma yeye mwenyewe, akaniuliza ilitakiwa ngapi. Nikamwambia thelathini. Akatoa mguno wa mtu aliyeona magunia mengi maishani mwake. "Umepunjwa, mwanangu. Na ni karibu nusu nzima." Nikapiga picha sindano na betri vikiwa pamoja. Nikaenda kwa jirani yangu fundi wa sola, nikaazima betri yake ya Ah 100 kwa nusu saa, nikairudisha kwenye mizani ile ile: kilo 29 na nusu. Picha nyingine. Folio 3 na 4.

Usiku huo nikafanya jaribio la pili. Nilichukua taa ya mbele ya gari, ile ya wati 55, nikaiweka juu ya tofali jikoni, nikaunga kwenye betri iliyojaa chaji. Mita ilisoma ampea 4.4. Betri ya Ah 100 ingeiwasha taa hiyo kwa zaidi ya saa 20. Nilianza saa 1 jioni, kila nusu saa naandika volti kwenye daftari la hesabu la mwanangu. Mke wangu akapita kuchukua maji, akaitazama ile taa, akanitazama mimi, akaenda zake kulala. Saa 8 usiku volti zikagusa 10.8, nikazima. Jumla ya saa saba. Saba mara 4.4 ni kama Ah 31. Nilikaa pale gizani na harufu ya vumbi lililoungua juu ya taa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nikajisikia vizuri.

Nikapanga na rekodi za mtambo. ESP32 yangu ilikuwa inaandika volti kwenye memori kadi kila dakika tano, tangu Juni, kwa hiyo nilikuwa na kila kitu. Nikachapa, nikaweka namba za folio, 5 mpaka 18.

Aibu yangu iko hapa. Nikipitia zile karatasi niliona usiku mbili za Julai ambazo rilei, ile swichi inayowasha na kuzima pampu, iligandana, pampu ikazunguka mpaka asubuhi, volti zikashuka mpaka 10.2. Kuishusha hivyo betri ya risasi ni kuiumiza. Lilikuwa kosa langu, sikuweka ulinzi wa kukata umeme. Nikazitazama zile karatasi mbili, nikazichomoa. Nikazitia droo ya chini pamoja na chaja zilizokufa.

Kisha nikaandika barua, na kuandika barua najua. Kichwa: YAH: MADAI YA KUREJESHEWA SHILINGI 430,000/= KWA BETRI ISIYOLINGANA NA MAELEZO YAKE. Aya fupi, zenye namba. Nikataja kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa. Nikampa siku 14. Chini kabisa, pembeni kushoto, nikaandika neno lenye nguvu kuliko yote katika utumishi wa umma wa Tanzania: Nakala. Nakala: Tume ya Ushindani (FCC). Nikaipeleka kwa mkono, nikamwomba msaidizi wa duka asaini kwenye nakala yangu kwamba amepokea. Akasaini bila kusoma.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. Sauti ni ile ile, lakini imevuliwa viatu. "Mheshimiwa, si ungekuja tu tukaongea?" Dodoma kila mtu ni mheshimiwa, ila Jumamosi ile nilikuwa fundi wa YouTube.

Nikaenda siku ya kazi, duka tupu, faili kwapani. Alikuwa amemwita fundi wake, kijana mpole mwenye miwani. Kijana akaangalia picha za mizani, akamtazama bosi wake, akanyamaza. Akaangalia jedwali la taa, akatingisha kichwa. Nikajua nimeshinda. Kisha akaanza kufungua rekodi za volti, karatasi moja moja, taratibu, akasimama. Akarudi nyuma. Akauliza kwa heshima kabisa: "Kaka, hapa tumetoka folio 11 tukaenda 14. Kumi na mbili na kumi na tatu ziko wapi?"

Miaka kumi na tano masijala. Ningekuwa mimi mezani pale na mtu akaniletea jalada lenye folio zilizoruka, ningeuliza swali lile lile.

Ningeweza kusema printa ilikosea. Nikasema ukweli: usiku mbili, 10.2, rilei. Jasho lilinitoka kuliko siku ile ya kuchekwa. Muuzaji akafufuka ghafla, akaanza "unaona sasa, unaona," lakini kijana wake akamkata: "Bosi, usiku mbili haziwezi kupunguza kilo kumi na tatu." Yule kijana Mungu ampe maisha marefu. Tukaanza kupatana. Mimi nikitaka zote, yeye akisema nusu, mwisho tukakubaliana 330,000, nirudishe betri. Ile laki moja niliihesabu kuwa mshahara wa rilei yangu na adhabu ya droo ya chini. Ningeweka folio 12 na 13 mahali pake tangu mwanzo na kueleza mwenyewe, naamini ningepata zaidi. Alinihesabia noti juu ya kaunta ile ile, nikazipiga picha. Kuhusu YouTube hakusema kitu, wala sikumwuliza.

Sasa ndugu yangu wa Manyoni, nikujibu. Kwanza, acha bisibisi. Sili ukishaichana umemkabidhi muuzaji kesi yako kwenye sahani, hata kama wewe ndiye mwenye haki. Usimfiche kwamba uliifungua. Mwambie, piga picha ndani ilivyo, andika tarehe. Pili, kabla hujamkamata mtu shati, pima. Pasi ya wati 1,000 kwenye inveta ya volti 12 inavuta zaidi ya ampea 83, na ukijumlisha upotevu unakaribia 100. Kama umetumia nyaya nyembamba, au betri yako imechoka, volti zinaanguka njiani na inveta inalia na kuzima ili kujilinda. Weka mita kwenye inveta pale zinapoingia nyaya za betri, mwenzio awashe pasi, soma. Zikianguka chini ya 11, huenda muuzaji yuko nusu sahihi, na itabidi umeze hilo. Zikibaki imara na bado inazima, sasa una folio namba 3. Na soma maandishi madogo: wati 2,000 mara nyingi ni za kilele, za sekunde chache, na za kudumu ni nusu yake. Alikuandikia nini WhatsApp? Chapa. Usifute.

Na nyie wengine, nawaambia kwa upendo, tumezidi. Tunanunua vitu vya laki tano kwa kuangalia rangi ya lebo. Tunapewa risiti hatuisomi. Tukiibiwa tunasema tumwachie Mungu, kana kwamba Mungu ndiye aliyekataa kudai risiti iandikwe "betri 100Ah". Muombe mtu wa kaunta aandike jina la kitu na uwezo wake, ni sekunde kumi. Fungua jalada siku unayonunua, sio siku unayolia. Pima kitu kikiwa kipya, ukiwa na furaha, maana ukikipima ukiwa na hasira utapima unachotaka kukiona. Mimi nilipima nikiwa na hasira na mnajua nilichokitia droo. Watu wanadhani haki inapatikana kwa kupaza sauti. Nimepaza sauti, nimechekwa na mama wa balbu mbili.

Basi nimeanza kuhubiri, mke wangu huniambia.

Shambani je? Oktoba nilirudi Hombolo na laki tatu na thelathini mfukoni, tayari kununua betri nyingine, nzito ya kweli. Mzee alikuwa amekaa chini ya mti. Nikakaa naye, nikamwuliza lile tenki alisemaje kuhusu kulipandisha. Hakucheka. Tulifyatua matofali, tukajenga mnara wa mita mbili, imara, kwa sababu tenki la lita 1,000 likijaa ni tani moja. Pampu inafanya kazi mchana tu, moja kwa moja kutoka kwenye paneli, inajaza tenki. Jioni ESP32 inafungua valvu moja na maji yanashuka yenyewe. Mita mbili zinatoa presha ya 0.2 bar, kwa robo eka ya matone inatosha. Betri ya Ah 100 haihitajiki, na haikuwahi kuhitajika. Yote yale, duka, mizani, taa jikoni, yalikuwa kwa ajili ya swali nililokataa kulisikia mwezi wa sita.

Imebaki betri ndogo tu ya Ah 7 kuiweka ESP32 macho usiku. Niliinunua wiki iliyopita, na kabla sijaenda nayo Hombolo nikapita Majengo kwa mzee wangu wa mahindi. Mizani ya magunia ilikuwa haiisomi vizuri, akanitolea ile ndogo ya maharage. Kilo mbili na gramu mia. Akaigeuza mkononi, akaitazama kama yai.

"Na hii nayo wamekupunja?"

Nikamwambia hapana baba, hii imetimia. Akaniuzia debe la mahindi.